Umerudi Dar: namna ya kuiona upya ukiwa tayari unaijua

Mtu anayerudi Dar es Salaam mara kwa mara, awe anatoka Mwanza, Nairobi, Bujumbura au Muscat, huwa ana njia zake. Anafikia kwa ndugu Sinza au Upanga, anashinda siku mbili Kariakoo, jioni moja Coco, Jumamosi Mlimani City, kisha anafunga begi. Akiulizwa Dar inaendeleaje, anataja foleni na joto. Mji wenye wilaya tano, uliohesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, kwake unabaki barabara mbili tatu.

Naipenda Dar, na inaniuma kuona mtu anaipenda pia lakini ameridhika na kona moja. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa ajili yake. Orodha ya fukwe na migahawa anazo tayari. Kinachomkosesha mambo mapya ni kwamba anakwenda saa zilezile, kwa chombo kilekile, na watu walewale. Akibadilisha hivyo vitatu, hata mahali alipopita mara nyingi patampa kitu.

Hatua ya 1: Andika njia zako za zamani

Kabla hujakata tiketi, chukua karatasi uandike ulikolala safari zilizopita, ulikokula, barabara ulizopita na saa ulizokuwa nje. Usidanganye. Wengi watagundua kwamba hawajawahi kukanyaga Temeke zaidi ya kupita kwenda uwanja wa ndege, kwamba Kigamboni wameiona kutoka ng'ambo tu, na kwamba hawajawahi kuwa barabarani kabla ya saa 2 asubuhi. Chagua pengo moja la mahali na pengo moja la saa. Mawili yanatosha kwa safari ya wiki moja, kwa sababu Dar inakula muda. Ukipanga mambo manne kwa siku utaishia kuyatazama matatu kupitia kioo cha gari.

Hatua ya 2: Badilisha mwezi

Kama huwa unakuja Desemba, jaribu Juni hadi Agosti. Kusi inavuma, joto limepungua, na kutembea kwa miguu mchana kunawezekana. Julai pia ni mwezi wa maonyesho ya Sabasaba pale barabara ya Kilwa, ambako wenyeji huenda na familia nzima. Ramadhani ni safari nyingine kabisa. Mchana mji umetulia, na magharibi inapokaribia vibaraza vya Kariakoo, Ilala na Magomeni vinajaa kaimati, tambi, uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi. Hata asiyefunga hukaribishwa kufuturu, mradi awe na adabu ya kusubiri adhana.

Machi hadi Mei ni masika. Usiikimbie, ila ujue kwamba bonde la Msimbazi pale Jangwani hufurika na usafiri wa kuingia mjini hukatika kwa saa kadhaa. Miezi hiyo usiweke miadi miwili pande mbili za bonde kwa siku moja.

Hatua ya 3: Lala upande mwingine

Hii ndiyo hatua inayobadilisha mengi kwa gharama ndogo. Ukilala Magomeni unaamka katika mtaa wa zamani wenye baraza, msikiti wa jirani na muuza chapati anayejua majina ya watoto wote. Ukilala Mbagala unauona mji kwa macho ya watu wanaoamka usiku wa manane kuuwahi. Ukilala Kigamboni na kuvuka kwa pantoni, kila safari ya kwenda mjini ni safari ya baharini.

Kama una ndugu wanaokutegemea ulale kwao, usiwavunje moyo. Lala kwao siku tatu za mwanzo, kisha omba ruhusa ya siku mbili "kwa rafiki wa ng'ambo". Mgeni anayeaga vizuri haudhi mtu.

Hatua ya 4: Siku moja iwe ya Feri, saa 12 asubuhi

Soko la samaki la Feri linajulikana kwa kila aliyefika Dar, lakini wengi wamelijua saa 5, jua likiwa kali, samaki wakiwa wamechoka na nzi wamefika. Nenda saa 12, ukiweza ufike kabla ya hapo. Vyombo vinakuwa vimerudi na uvuvi wa usiku, na wapagazi wanashuka majini hadi kifuani kupokea matenga.

Sogea penye mnada. Samaki wanamwagwa mezani kwa mafungu: changu, kolekole, vibua, tasi, pweza waliokunjamana, nguru mmoja mrefu amelazwa peke yake. Dalali anaanza bei chini na kuipandisha kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata. Usihangaike kusikiliza. Watazame wanunuzi. Wazoefu hawapigi kelele. Mmoja anainua kidole, mwingine anatikisa kichwa kidogo, na ghafla fungu limeshaingia kwenye ndoo ya mama mmoja ambaye hukumwona akisema lolote. Kaa mnada wa tatu na wa nne ndipo utaanza kuwatofautisha: huyu ananunulia hoteli, huyu ni wa kukaanga na kwenda kuuza Buguruni, huyu anatafuta mboga ya nyumbani tu na anasubiri bei ishuke.

Ukitaka kula, nunua fungu dogo, wape vijana wa kuparua, kisha peleka kwa wakaangaji wenye makarai makubwa. Uliza bei ya kila hatua kabla ya kutoa samaki wako. Vaa viatu vinavyostahimili maji yenye magamba, simu iwe mfuko wa mbele, na usipige picha ya mtu bila kumwomba. Ikulu iko jirani hapo Magogoni, kwa hiyo kamera isielekee huko kabisa.

Ukishamaliza, fuata barabara ya Kivukoni kwa miguu kuelekea mjini, bahari ikiwa mkono wako wa kushoto. Utapita kanisa la Kilutheri la Azania Front, kisha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lililojengwa kati ya 1897 na 1902, halafu Boma la Kale, jengo la enzi ya Sayyid Majid, sultani wa Zanzibar aliyeanza kuujenga mji huu miaka ya 1860 na kufariki 1870. Watu wanaokimbilia boti ya Zanzibar wanapita mbele ya boma hilo kila siku bila kuinua macho. Ingia. Kuna kituo cha urithi wa majengo ya Dar, na kuta zenyewe za mawe ya matumbawe na dari ya boriti zinaeleza mji ulivyoanza. Kwa saa hizo za asubuhi hutabanwa na mtu.

Hatua ya 5: Vuka kwa pantoni, rudi kwa daraja

Panda pantoni kama abiria wa miguu. Nauli ni ndogo na safari ni ya dakika chache. Simama ukingoni badala ya kukimbilia kiti. Utaona mlango wa bandari ulivyo mwembamba, na meli kubwa ikipita utadhani inagusa nchi kavu pande zote mbili. Ufinyu huo, na maji matulivu yaliyo ndani yake, ndiyo sababu bandari ilikaa hapa.

Ng'ambo chukua bajaji au daladala hadi Mjimwema. Ufukweni kuna sehemu za kulipia na sehemu za wavuvi. Mimi ningekwenda kwa wavuvi, nikae chini ya mnazi na dafu. Jioni usirudi ulikotokea. Panda gari linalopita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016 lenye urefu wa mita 680, utokee Kurasini. Utakuwa umeizunguka bandari yote, na ramani ya mji itakukaa kichwani kuliko miaka yote ya kupita Posta.

Kuhusu bahari, jambo moja ambalo wageni wengi hawalipangi: uliza siku za bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Coco ikipwa wakati wa bamvua, mwamba mzima unatokea, na kina mama na watoto wanashuka na ndoo kuokota kombe na pweza mahali ulipozoea kuona mawimbi. Kwa wanaokwenda kisiwa cha Mbudya kutoka Kunduchi au Bongoyo kutoka Msasani, mwenye boti atakwambia saa nzuri ya maji. Msikilize, na ukumbuke kuna ada ya hifadhi ya bahari juu ya nauli.

Hatua ya 6: Tembea kutoka Askari hadi Kariakoo

Kariakoo wote mnaijua. Nakuomba uiendee kwa mlango ambao pengine hujawahi kuutumia.

Anza kwenye sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Azikiwe. Imesimama hapo tangu 1927. Wengi huitumia kuelekeza njia tu, hawajasoma maandishi yake. Yako kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na yanawataja askari Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza pamoja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi hao ndio sababu ya kuanzia hapa.

Fuata Samora hadi Mnara wa Saa, uliojengwa 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Ingia barabara ya Uhuru, upite Mnazi Mmoja. Uwanja ule wazi ulikuwa mpaka. Tawala za kikoloni ziliuacha bila nyumba ili utenganishe makazi ya Waafrika na mji wa Wahindi na Wazungu. Ukivuka upande wa pili unaingia mahali ambapo Waingereza, baada ya kuuteka mji Septemba 1916, waliweka kambi ya wapagazi walewale walioandikwa kwenye sanamu. Umetembea chini ya saa moja, umefika walikolala.

Sasa usiingie dukani. Inua macho utafute nyumba za Kiswahili zilizobaki: paa la bati, baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu wenye vyumba vitatu kila upande na ua nyuma. Kariakoo yote ilikuwa hivyo. Leo zimebanwa katikati ya maghorofa, nyingine zimegeuzwa stoo, na kila mwaka zinapungua. Ukiikuta moja ina wazee barazani, salimia kwanza, "shikamoo wazee," na usiwe na haraka. Mzee aliyezaliwa mtaa wa Mchikichi au Sikukuu anaweza kukuonyesha palipokuwa na kisima, klabu ya ngoma na nyumba ya mtu fulani wa TANU, vyote bila kusimama alipokaa.

Jengo la soko lenyewe lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, na hapo ndipo wengi walipotambua kwamba lilikuwa kazi ya sanaa. Lile paa la miavuli ya zege halikuwekwa kwa ajili ya pambo peke yake. Kila mwavuli unakusanya maji ya mvua na kuyashusha kwenye matangi chini ya ardhi. Lizunguke nje taratibu, ukitazama juu.

Siku nzuri ya matembezi haya ni Jumapili asubuhi, msongamano ukiwa umepungua. Siku ya kazi, anza saa 1.

Hatua ya 7: Beba swali moja

Safari yenye swali inakupeleka mahali ambapo safari ya matembezi haifiki. Swali langu ninalolipendekeza: Dar ilikuwaje wakati wa kupigania uhuru? Utaanzia Lumumba, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Utakwenda Magomeni kwenye nyumba ya Mwalimu Nyerere, sasa makumbusho, nyumba ya kawaida kabisa yenye vyumba ambavyo wengi wetu tungeviona vidogo. Utafika Uwanja wa Uhuru, ulikoshushwa bendera ya Mwingereza usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kisha swali litapanuka lenyewe, kwa sababu FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa hapahapa Juni 1962, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu katika mji huu Februari 1969. Ukirudi barabara ya Samora baada ya hapo, hilo jina la Samora Machel, aliyekuja kuiongoza FRELIMO baada ya Mondlane, hutalipita hivihivi.

Wewe unaweza kuwa na swali lako: mpingo, ushonaji, usanifu, historia ya familia yenu. Mpenda picha aanzie kwa wachoraji wa Tingatinga karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, aombe kukaa nyuma ya mchoraji badala ya kukimbilia kununua. Kisha aende Mwenge kwa wachongaji, amalizie Nafasi Art Space, Mikocheni, ambako wasanii wanafanya kazi tangu 2008. Edward Saidi Tingatinga alichora miaka michache tu kabla ya kuuawa 1972, na mtaa mzima unaishi kwa mkono wake mpaka leo.

Hatua ya 8: Mfuate mwenyeji anakokwenda yeye

Wenyeji wetu ni wakarimu, na ukarimu wao ndio unaotupeleka kila mara sehemu zilezile za wageni. Lazima uombe tofauti. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo shangazi. Jumamosi hii usinitafutie pa kunipeleka. Nataka nikufuate wewe."

"Marahaba mwanangu. Mimi naenda Tandika kuchukua nguo, halafu kikoba Mtongani. Utachoka bure."

"Nitakubebea mzigo, shangazi."

Hapo umepata siku ambayo hakuna wakala wa utalii anayeweza kukuuzia. Utaona robota la mitumba likikatwa kamba asubuhi. Wateja wa mwanzo wanalipa bei ya juu kwa nguo safi, na saa zinavyokwenda bei inashuka hadi fungu la mwisho linalouzwa mia tano mia tano kwa kuitwa. Utaona shangazi anavyojua wakati gani wa kusubiri. Kwenye kikoba utakaa kimya, utakunywa soda uliyonunuliwa, na utasikia mambo ya mji kuliko kwenye redio. Usiende mikono mitupu, na usitoe simu wakati hesabu inasomwa.

Vivyo hivyo kwa binamu anayeshabikia mpira. Usimwombe tiketi ya jukwaa kuu siku ya watani wa jadi. Mwombe uanze naye siku mtaani, Msimbazi kama ni Simba, Jangwani kama ni Yanga, kisha mwende pamoja Uwanja wa Mkapa. Ule uwanja wa viti 60,000 unaeleweka zaidi ukiingia na watu waliokwisha kubishana tangu chai.

Hatua ya 9: Usiku mmoja wa dansi

Bendi mbili za mji huu zimegawa familia kama Simba na Yanga: Msondo Ngoma, iliyoanza 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na Mlimani Park, yaani Sikinde, ya mwaka 1978. Ulizia wiki hiyo zinapiga wapi. Usifike mapema, saa 3 usiku bado wanajaribu vyombo. Kaa karibu na wapiga magita, na uwatazame watu wazima wanaocheza kwa kutembea tu, bila kurukaruka. Anayependa mambo ya vijana aulizie singeli upande wa Manzese na Tandale, aende na mwenyeji wa huko, arudi kwa usafiri uliopangwa mapema.

Hatua ya 10: Siku ya mwisho kabisa, Pugu

Wengi huitumia siku ya mwisho kununua zawadi. Nunua mapema, siku hii uitoe kwa vilima vya Pugu. Ni pembezoni tu mwa Dar, ila kuna msitu wa asili wa pwani ulionusurika, vipepeo, ndege, na mahandaki ya machimbo ya zamani ya udongo mweupe yanayokaliwa na popo. Shule ya Pugu, ambako Nyerere alifundisha kabla ya kuacha kazi 1955 ili kuongoza TANU, iko upande huohuo.

Panda gari la Gongo la Mboto, ubadilishe kwenda Kisarawe. Ondoka saa 12 asubuhi ili foleni ya kuingia mjini ikukute unakwenda kinyume nayo. Ada ya hifadhi hulipwa kwa simu, na utapewa mtu wa kukuongoza. Usiingie mahandakini bila yeye. Beba maji ya kutosha, suruali ndefu kwa ajili ya upupu, tochi, na viatu vyenye nyayo ngumu. Anza kurudi saa 8 mchana. Baada ya saa 10 barabara ya Pugu hujaa, na kama una basi au ndege usiku ule, kaa upande wa uwanja wa ndege, ule wali wa nazi kwa mama lishe wa pale kituo cha Banana, usubiri hapo.